Hollywood inakula mbegu: muvi kubwa za kiangazi zinahitaji hadithi mpya

MLETA MADA

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Mei malalamiko yanarudi humu jukwaani: muvi za siku hizi hazina ladha, ukitazama trela umeshamaliza muvi. Halafu anatokea mtu anasema tumezeeka tu, kila kizazi hulalamika. Nakataa. Tatizo lipo, linaelezeka, na leo nataka niliweke lote mezani. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Tuanze na 2024. Muvi kumi zilizoingiza hela nyingi kuliko zote duniani mwaka ule ni hizi: Inside Out 2, Deadpool & Wolverine, Moana 2, Despicable Me 4, Wicked, Mufasa, Dune: Part Two, Godzilla x Kong, Kung Fu Panda 4 na Sonic the Hedgehog 3. Zisomeni tena polepole. Karibu kila moja ina namba, au ina jina la mtu tunayemjua tangu zamani. Wicked peke yake ndiyo haikufuata muvi nyingine ya mfululizo wake, nayo ilikuwa imeshachezwa jukwaani Broadway, New York, kwa zaidi ya miaka 20 kabla haijafika kwenye skrini. Katika kumi zote hakuna hata moja ambayo mtazamaji aliingia ukumbini bila kujua anakwenda kukutana na nani.

Sasa angalieni hiyo ya kwanza. Inside Out 2 ilikusanya karibu dola bilioni 1.7. Ilitoka wapi? Ilitoka kwenye Inside Out ya Juni 2015, hadithi mpya kabisa ya hisia zinazoishi kichwani mwa msichana wa miaka 11, jambo ambalo ukilisimulia kwa mdomo halifanani kabisa na muvi ya watoto. Moana 2 nayo ipo kwa sababu 2016 kuna watu waliruhusiwa kutengeneza Moana. Yaani studio zinakula mbegu zilizopandwa miaka kumi iliyopita. Swali langu kwao ni moja: 2035 watakula nini?

Na msimu wenyewe wa kiangazi, huu ambao kwetu ni kipupwe na watu wamevaa masweta, ulizaliwa na muvi isiyofuata nyingine yoyote. Zamani studio za Marekani zilikuwa zikianzisha muvi nzito kwenye kumbi chache za miji mikubwa, kisha inasambaa taratibu kwingine. Tarehe 20 Juni 1975 Universal wakaifungua Jaws kwenye kumbi zaidi ya 400 siku moja, baada ya kumwaga matangazo kwenye televisheni za nchi nzima siku chache kabla. Hapo ndipo biashara yote tunayoijua leo ilipoanza.

Najua kuna atakayesema Jaws ilitokana na riwaya ya Peter Benchley. Ni kweli. Nikisema hadithi mpya simaanishi lazima iwe haijaandikwa popote. Namaanisha muvi inayosimama kwa miguu yake: haiegemei muvi nyingine, haiuzi mwanasesere wa dukani, haikulazimishi uwe umeshatazama nyingine sita ndipo uielewe.

Steven Spielberg alikuwa na miaka 27 alipoipiga Jaws kisiwani Martha's Vineyard mwaka 1974. Ratiba ilikuwa siku 55, ikafika 159. Papa wa mashine aliyetengenezwa kwa gharama kubwa alikuwa akiharibika kila akiguswa na maji ya chumvi. Mwongozaji hana papa, muvi ni ya papa, na studio inahesabu hela. Akaamua kumficha. Kuna pale Quint, mvuvi wa papa, anampiga papa kwa chusa chenye kamba iliyofungwa pipa la njano. Papa anazama, humwoni. Unachokiona ni pipa tu linakata maji, linakimbilia boti, halafu ghafla linavutwa chini na bahari inatulia. Ukumbi mzima unajua kuna kitu chini ya miguu yao. Pipa! Wape bajeti ya leo ya dola milioni 200, papa huyo angeonyeshwa dakika ya tatu, kila jino linameta, na usingeshtuka.

Kisha wakafanya miendelezo mitatu, ya mwisho 1987. Spielberg hakuongoza hata mmoja. Nani anaikumbuka?

Miaka iliyofuata mnaijua. E.T. 1982, Ghostbusters 1984, Back to the Future 1985, Independence Day 1996. Zote za msimu huu huu, zote kubwa, zote zilikuwa ngeni kabisa siku ya kwanza.

Ila kisa cha Star Wars nataka nikikazie, kwa sababu ndani yake kuna jibu la nini kimeharibika. George Lucas aliipeleka hadithi yake United Artists, wakaikataa. Akaipeleka Universal, nao wakaikataa. Akaenda 20th Century Fox, huko akamkuta Alan Ladd Jr., bosi mmoja aliyemwamini hata pale wenzake ndani ya kampuni walipoona ni kupoteza hela. Tarehe 25 Mei 1977 ikafunguliwa kwenye kumbi 32 tu, maana wenye kumbi wengi hawakuitaka.

Hesabuni milango aliyogonga: mitatu. Leo milango hiyo iko wapi? Disney walinunua Pixar (waliotengeneza Inside Out) 2006, Marvel (wa muvi za mashujaa) 2009, Lucasfilm (kampuni ya Lucas mwenyewe) 2012, na Machi 2019 wakakamilisha kuinunua Fox yenyewe kwa takriban dola bilioni 71. United Artists iko ndani ya MGM, na MGM iko ndani ya Amazon. Kijana wa leo mwenye skripti kama ile akikataliwa mara mbili, wa tatu anaweza kuwa ofisi nyingine ya bosi yule yule aliyemkataa jana. Na kampuni iliyotoa mabilioni kununua majina ya zamani ni lazima iyakamue ili hela yake irudi. Ndiyo maana siamini kabisa ile kauli ya kwamba mawazo yameisha duniani. Mawazo yapo tele. Waliopungua ni watu wenye mamlaka ya kuyaambia ndiyo.

MDAU WA MOROGORO

Mkuu, hoja nzito, ila nahisi unawabebesha studio mzigo usio wao. Watazamaji wenyewe ndio wanataka hizo hizo. Mimi sina hela ya kwenda sinema kila wiki. Nikipata, nina watoto wawili, nawapeleka kwenye kitu wanachokijua, siwezi kubahatisha. Elio ya Pixar ilikuwa hadithi mpya. Nani alikwenda kuiona? Si ilianguka vibaya? Watu hupenda kusema wanataka vitu vipya lakini mfuko unasema vingine.

MLETA MADA

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki. Elio ilianguka kweli. Ilitoka tarehe 20 Juni 2025, ikaingiza kama dola milioni 21 Marekani wikiendi ya kwanza, ufunguzi mbaya kuliko wote katika historia ya Pixar. Na muvi iliyoongoza wikiendi hiyo hiyo ilikuwa How to Train Your Dragon, katuni ya 2010 iliyorudiwa na waigizaji wa damu na nyama.

Lakini siku ile ile, 20 Juni, Netflix waliachia katuni nyingine mpya kabisa, KPop Demon Hunters. Hakuna mtoto aliyekuwa anawajua wasichana watatu wa muvi hiyo. Haikuegemea chochote. Watu wakaambiana kwa midomo, watoto wakakariri nyimbo, ikawa muvi iliyotazamwa kuliko zote katika historia ya Netflix. Agosti wakaipeleka kumbini kwa siku mbili ili watu waimbe pamoja, na tiketi zikagombewa wakati muvi yenyewe ilikuwa tayari ipo nyumbani kwao. Iliyoitengeneza ni Sony, waliokuwa wameshaiuza kwa Netflix kabla haijatoka. Walikuwa na dhahabu mkononi, hawakuamini kwamba hadithi ngeni inaweza kuijaza sinema.

Kwa hiyo kusema watu hawataki vitu vipya si kweli. Watu wanataka uhakika kwamba hela yao haipotei, na hilo nakuunga mkono kabisa, hasa kwa mzazi. Uhakika huo zamani ulikuwa unatoka kwa rafiki aliyeshaiona. Siku hizi muvi haipewi nafasi ya kusemwa. Isipouza Ijumaa na Jumamosi, Jumatatu imeshaitwa hasara, na muda si mrefu saa zake zinapewa nyingine.

Tazama Sinners ya Ryan Coogler. Ilitoka 18 Aprili 2025, wiki chache kabla msimu haujafunguliwa. Imegharimu dola milioni 90 na zaidi. Wikiendi ya kwanza ikapata milioni 48 Marekani, na kuna magazeti ya biashara ya sinema yaliyoandika kwamba faida bado iko mbali, mpaka mwigizaji Ben Stiller akahoji hadharani kwa nini mafanikio yanatangazwa kama msiba. Wiki ya pili mapato yakashuka kwa asilimia isiyofika 6. Mjue kwamba muvi za mashujaa kushuka nusu au zaidi wiki ya pili ni kawaida; The Flash ya Juni 2023 ilishuka zaidi ya asilimia 70. Sinners ilisimama kwa sababu aliyeiona Ijumaa alimburuta ndugu yake Jumanne. Ikamaliza na zaidi ya dola milioni 360 duniani.

Na ni hadithi gani? Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932. Pacha wawili wanarudi kutoka Chicago na hela za magendo, wananunua kiwanda cha zamani cha mbao wafungue klabu ya muziki kwa ajili ya watu weusi wa mashambani. Binamu yao, mtoto wa mchungaji, anapiga gitaa. Usiku ule anaanza kuimba bluzi, kamera inazunguka katikati ya wachezaji bila kukata, na pole pole unaanza kuona watu ambao hawakuwepo: mpiga gitaa la umeme wa miaka ijayo, wachezaji ngoma wa Afrika Magharibi kwenye mavazi yao, kijana Di Jei anasugua sahani za santuri, na karibu na wenye duka Wachina anatokea mcheza opera wa kwao. Wote wanacheza sakafu moja, paa linashika moto juu yao na wao hawana habari. Mimi nilitetemeka. Miaka mingi sijaona muvi ya studio kubwa ikithubutu kitu kama kile, na hakuna kamati inayoweza kukipendekeza kwenye kikao. Kilitoka kwa mtu mmoja aliyekuwa na mjomba wa Mississippi aliyependa bluzi, akaamua kumwandikia muvi.

Coogler alijadili mkataba wake vizuri pia: sehemu ya mapato tangu tiketi ya kwanza, kauli ya mwisho kwenye uhariri, na haki za muvi kumrudia baada ya miaka 25. Kinachonisikitisha ni kwamba ilibidi kwanza apige Creed na Black Panther mbili ndipo aruhusiwe. Mwongozaji Christopher Nolan vile vile, Inception ya Julai 2010 alipewa baada ya The Dark Knight, muvi ya Batman. Siku hizi unatumikia mfululizo wa wenzako miaka kumi ndipo unapewa ruhusa ya kusimulia chako. Spielberg wa miaka 27 leo angekuwa bado anasubiri kwenye foleni.

MDAU WA NAIROBI

Niongeze kitu hapo. Sisi tuliokulia kwa vibanda vya video, na DJ Afro akitusimulia muvi kwa Kiswahili juu ya sauti ya Mzungu, hatukuwa tunauliza hii ni sehemu ya ngapi. Tulikuwa tunauliza steringi ni nani. Ukiambiwa ni Schwarzenegger au Van Damme, unalipa, unaingia, hadithi utaijulia ndani. Nafikiri hapo ndipo kuna kitu kimepotea. Steringi wameisha.

MLETA MADA

Kaka, umegusa mshipa. Na huku kwetu ilikuwa hivyo hivyo kwenye vibanda umiza, marehemu Lufufu akitafsiri. Ubao wa nje umeandikwa kwa chaki, saa kumi fulani, saa mbili usiku fulani, na mara nyingi jina lililoandikwa kubwa lilikuwa la mwigizaji. Ukifika umechelewa unakaa kwenye ukingo wa benchi, mtu anakunong'oneza steringi ni yupi na adui ni yupi, basi umeshaungana na wenzako.

Hollywood nayo iliuza hivyo hivyo. Jina la mwigizaji ndilo lililokuwa dhamana ya hadithi ngeni. Ukimwamini Eddie Murphy au Will Smith, unamfuata popote anapokupeleka, na studio inapata ujasiri wa kutoa hela kwa skripti ambayo haijulikani. Baada ya Iron Man, muvi ya shujaa wa Marvel ya Mei 2008, dhamana ikahama kutoka kwa mtu kwenda kwenye vazi. Anayeuza ni ngao na nyundo, mtu wa ndani yake anaweza kubadilishwa. Na mwigizaji huyo huyo akivua vazi akaja na muvi yake ya kawaida, ukumbi mtupu.

Bado wapo wachache. Mkenya mwenzako Lupita Nyong'o mwaka 2019 alibeba Us ya Jordan Peele, tena kwa nafasi mbili, mwanamke na kivuli chake. Muvi ya dola milioni 20, ikaingiza zaidi ya milioni 250. Ile sauti ya mkwaruzo aliyoitoa kama Red, yaani huyo kivuli, ilitosha kumfanya mtu alale na taa. Kipaji kama kile unakiona vizuri zaidi pale kinapopewa hadithi ambayo hakuna aliyewahi kuigusa.

DADA WA DAR

Mimi swali langu liko pembeni kidogo. Zile muvi za kati zilikwenda wapi? Zamani ukienda sinema unakuta moja ya mahakamani, moja ya mapenzi, moja ya kuchekesha, watu wazima wanazungumza. Sasa hivi ni ama jengo linaanguka ama mzimu. Tukitaka maongezi tunaambiwa tusubiri kwenye simu.

MLETA MADA

Dada, ziliuawa na kufa kwa DVD. Mwigizaji Matt Damon aliwahi kulieleza hili hadharani na mimi tangu nilisikie nimelielewa. Chukua muvi ya dola milioni 25. Kuitangaza na kuisambaza unaweka kama milioni 25 nyingine. Umeshafika 50. Mwenye ukumbi anachukua takriban nusu ya tiketi, kwa hiyo ni lazima iuze tiketi za milioni 100 ndipo urudishe hela yako tu, faida hujaiona. Zamani isipofika hapo hukuwa na hofu, miezi sita baadaye DVD inatoka na hela inaingia mara ya pili. Mlango huo ulipofungwa, studio zikakimbilia pande mbili: za bei ya chini kabisa, ambazo mara nyingi ni za kutisha, na za bei ya juu kabisa zenye majina tunayoyajua. Za kwako zimehamia kwenye mitandao ya kutazama nyumbani, zinatoka Ijumaa, Jumatano zimeshasahaulika.

Na hizo za juu nazo zinawaumiza. Spielberg huyo huyo alionya Juni 2013, akizungumza chuoni USC, kwamba siku zitakuja muvi kadhaa za bajeti kubwa zianguke kwa mkupuo na biashara yote itikisike. Kiangazi kile kile The Lone Ranger ikaanguka. Miaka kumi baadaye, Indiana Jones and the Dial of Destiny, iliyoripotiwa kugharimu karibu dola milioni 300, ikaingiza chini ya milioni 400 duniani. Ukitoa nusu ya wenye kumbi na matangazo, ni hasara kubwa.

Sasa weka pembeni yake Weapons ya Zach Cregger, Agosti 2025. Hadithi mpya: watoto 17 wa darasa moja wanaamka saa nane na dakika 17 usiku, wanatoka nyumbani wakikimbia gizani mikono imetandazwa, hawarudi. Bajeti milioni 38, mapato zaidi ya milioni 260. Kwa gharama ya Indiana Jones ile moja ungepiga muvi saba za namna hiyo, uwape waongozaji saba, na hata tano zikianguka, mbili zinaweza kulipa sehemu nzuri ya deni na kukuachia majina mapya mawili ya kesho. Mimi hesabu hii naiona iko wazi mno, na inanikera kwamba mtu mwenye ofisi pale Burbank, kwenye makao ya studio, haioni, au anaiona lakini anajua kwamba akianguka na mwendelezo hafukuzwi, akianguka na hadithi mpya anafukuzwa.

MDAU WA MOROGORO

Sawa mkuu, umenishawishi nusu. Nipe basi ya kuanza nayo mimi na wanangu, wa miaka 9 na 12, jumamosi hii. Hiyo Sinners inawafaa?

MLETA MADA

Hapana ndugu yangu, Sinners tazama wewe na shemeji wakishalala, ina damu nyingi na mambo ya wakubwa. Weapons ndiyo kabisa usiiguse wakiwa macho. Wao waanzishie E.T., halafu Inside Out ile ya kwanza ya 2015. Back to the Future mkubwa ataipenda zaidi, mdogo anaweza kukuuliza maswali ya saa na tarehe, jiandae. Jaws msubirishe kidogo huyo wa 9, hasa kama mna safari ya kwenda kuogelea Dar likizo hii.